Jeraha la Kiwewe Lina Tiba, na Mgonjwa Asilazimishwe Kusimulia



Katika ukurasa wa afya tumezoea kuzungumza nanyi juu ya malaria, chanjo na uzazi salama. Mwezi huu twapenda tuzungumze juu ya jeraha lisilofungwa bendeji. Sisi wauguzi wa hospitali za misheni tunakutana nalo mara nyingi, ila mgonjwa huja akilalamika mambo mengine: kichwa, moyo kwenda mbio, tumbo, kukosa usingizi. Anapimwa malaria, hana. Anapimwa presha, ni nzuri. Ukikaa naye taratibu ndipo unaposikia kwamba miezi minne iliyopita alikuwa ndani ya gari lililoanguka kwenye mteremko, na tangu siku hiyo akisikia breki za lori anatetemeka, na usiku anaiona ajali upya kana kwamba inatokea sasa hivi.

Hicho ndicho tunachokiita kiwewe. Wilaya yetu inakifahamu. Mwaka 2002 lori la petroli liliwaka moto pale Idweli na kuua makumi ya watu waliokwenda kuchota mafuta. Mwaka 2019 msiba wa namna hiyo hiyo ulitokea Morogoro, wakafa watu zaidi ya 100. Waliokufa tuliwazika. Lakini walioona, waliobeba miili, waliosikia vilio, hao walirudi nyumbani na picha zile kichwani. Tena kiwewe hakingoji msiba mkubwa. Kuna mama aliyebakwa akitoka shambani, kuna mtoto anayepigwa kila baba arudipo kutoka kwenye kimpumu, kuna mzazi aliyetoka chumba cha kujifungulia mikono mitupu.

Si kila aliyeogopa ni mgonjwa. Wengi hutulia wenyewe baada ya wiki chache, wakiwa na watu wanaowapenda. Lakini dalili zikipita mwezi mmoja, mtu akawa anakwepa barabara, anashtuka ovyo, anaota yale yale, hana furaha tena na wanawe, huyo anahitaji matibabu kama vile mwenye kifua kikuu anavyohitaji.

Hapa ndipo hatukubaliani na baadhi ya mambo tuyaonayo. Familia nyingine humwambia mgonjwa, “Sahau, yamepita.” Nyingine humpeleka kwa mganga akatafutiwe aliyemroga. Nyingine humnunulia vidonge vya usingizi vya diazepamu dukani, ingawa Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2013 kwamba dawa za jamii hiyo asipewe mtu mzima kwa ajili ya dalili za kiwewe katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Na wapo ndugu zetu wema, hata katika jumuiya, wanaomweka mtu katikati ya kundi na kumsihi aseme yote aliyotendewa ili apone. Nia ni njema, ila tunasema wazi kwamba jambo hilo linaweza kumchoma upya. Shirika hilo hilo limeshauri watu waliotoka kwenye msiba wasifanyiwe kikao cha kusimulishwa tukio lote kwa kudhani kwamba kitawakinga. Mpeni uji, blanketi, mtu wa kulala naye nyumba moja. Akitaka kusema, msikilizeni. Asipotaka, mwacheni.

Matibabu yenyewe ni ya namna kadhaa. Mojawapo inayoulizwa siku hizi, hasa na vijana waliosikia habari zake mijini, inaitwa EMDR. Kwa maneno yetu ni kuipunguzia kumbukumbu makali yake na kuipanga upya kwa msaada wa mwendo wa macho. Aliyeianzisha ni mwanasaikolojia wa Marekani, Francine Shapiro, aliyechapisha utafiti wake wa kwanza mwaka 1989. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliitaja pamoja na tiba ya mazungumzo ya kurekebisha fikra na mienendo kuwa tiba zinazofaa kwa wenye kiwewe. Wataalamu bado wanabishana iwapo ni macho yenyewe yanayoponya au mambo mengine yaliyomo katika tiba hiyo. Kwamba watu wanapata nafuu, hilo halibishaniwi sana.

Mgonjwa ategemee nini? Kwanza, asitegemee kuguswa jeraha siku ya kwanza. Mtaalamu mwema huanza kwa kuuliza maisha yako, afya yako, nani yuko nyumbani, kama unakunywa pombe, kama umewahi kufikiri kujiua. Kisha hukufundisha kujituliza: kuvuta pumzi, kukumbuka mahali penye amani. Kwa mtu wa kwetu huenda pakawa chini ya migomba ya bibi, mvua ikinyesha juu ya bati. Kwa aliyeumizwa nyumbani kwao hapafai hapo, naye atachagua pengine. Hatua hii kwa mmoja inachukua kikao kimoja, kwa mwingine wiki nyingi, na ndiyo sababu tunasema tiba hii hupimwa kwa mtu kama nguo ya fundi.

Baadaye mnachagua kumbukumbu moja. Utaulizwa ni picha gani inayokuumiza zaidi, unajiambia nini juu yako mwenyewe unapoiona (wengi hujibu, “Ni kosa langu”), ungependa uweze kuamini nini badala yake, unasikia wapi mwilini, na ukipima uchungu huo kutoka 0 hadi 10 ni ngapi. Kisha unaishika picha ile akilini huku ukifuata vidole vya mtaalamu vinavyokwenda kushoto na kulia, kwa muda wa nusu dakika hivi. Anasimama, unapumua, anauliza, “Kumekuja nini?” Unajibu kwa kifupi, mnaendelea. Huna haja ya kusimulia tukio zima. Kwa mama mwenye aibu ya kutaja aliyotendewa, neno hili peke yake ni faraja kubwa. Mwenye matatizo ya macho, au mtoto mdogo, hupigwapigwa polepole viganjani badala yake, mkono huu na mkono ule.

Kikao huchukua saa moja hadi saa moja na nusu. Unaweza kulia, unaweza kutetemeka, unaweza kukumbuka jambo ulilolisahau. Ukiinua mkono, mtaalamu anasimama. Kabla hujaondoka ni lazima akutulize, hata kama kazi haijaisha. Usiku ule ndoto huweza kuzidi, kwa hiyo ni vizuri kurudi nyumbani na mtu, wala usiendeshe pikipiki ukiwa bado umechoka. Aliyepatwa na tukio moja huweza kumaliza kwa vikao vichache. Aliyeteswa tangu utotoni atahitaji vingi zaidi, na anayemwahidi uponyaji wa siku moja anamdanganya.

Tumeulizwa na mama mmoja kama huku si kupumbazwa akili. Hapana. Mgonjwa yu macho wakati wote, anajua alipo, na hakuna anayemtawala. Wala tiba hii haichukui nafasi ya Kitubio. Aliyebakwa hana dhambi ya kuungama kwa kubakwa kwake. Padre anamwombea na kumfariji, mtaalamu anatibu jeraha, na hakuna anayemzuia mwenzake.

Ugumu wetu ni kwamba waliofundishwa EMDR nchini ni wachache, nasi hatutaki mtu auze ng'ombe kuifuata mbali wakati ipo tiba nyingine karibu. Huko Moshi, na Bungoma nchini Kenya, watu wa kawaida wasio na elimu ya saikolojia walifundishwa tiba ya mazungumzo kwa ajili ya watoto waliofiwa na wazazi, wakisimamiwa na waliobobea. Watoto walikuwa 640, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba mwishoni mwa tiba, katika maeneo matatu kati ya manne, dalili zao zilipungua kuliko za wenzao waliopata huduma za kawaida. Kwa nini isiwezekane Rungwe? Tungependa jimbo letu lichague watu wachache wenye kutunza siri, wafundishwe vizuri, wasimamiwe. Fedha zake si nyingi kuliko za sherehe moja kubwa.

Kwa sasa anzieni kituo cha afya au hospitali iliyo karibu. Mwambieni muuguzi tukio lenyewe kwa neno moja tu, “ajali” au “nilishambuliwa,” asije akaishia kupima malaria. Kutoka hapo mgonjwa huweza kupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Mkimpata mtu anayesema anatoa EMDR, muulizeni amesomea wapi, nani anamsimamia, na atafanya nini mgonjwa akizidiwa katikati ya kikao. Akikasirika kwa kuulizwa, ondokeni. Na mgonjwa anayezungumza habari za kujiua asingoje siku ya kliniki: aletwe siku hiyo hiyo, hata usiku, na njiani asiachwe peke yake.