Aliyesema "Turudi" si Mwoga

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mpenzi msomaji, kicheko hicho ni cha furaha, cha mama aliyemwona mwanawe karudi mzima. Hapa shuleni tumekifanya cha dharau. Kuna kijana wa kidato cha tatu ambaye tangu tufungue muhula huu hana raha bwenini. Akipita tu, utasikia, "Jamani mvua hiyo, turudi!" Watu wanaangua kicheko.

Kisa chenyewe wengi mnakijua. Likizo ya Aprili, yeye na rafiki yake walipanda msitu wa Mlima Kenya na mbwa wawili na nyaya za kutegea paa. Walipofika kwenye mianzi mvua ikawashika, ukungu ukatanda hata mbwa hawaonekani. Huyu akasema turudi. Mwenzake akasema ng'o, mitego haijakaguliwa. Wakabishana wee, mwishowe wakateremka mikono mitupu. Sasa yule mwenzake ndiye msimulizi, na eti ndiye shujaa wa hadithi! Asichosimulia ni kwamba aliteremshwa ameshikwa mkono kama mtoto wa chekechea, sweta imelowa chapachapa, gambuti zimejaa maji, naye anasisitiza kwamba hana neno.

Hapo kwenye "sina neno" ndipo penye hatari. Kila upandapo mita 1,000, joto hupungua kama nyuzi 6, na nguo zilizolowa zikipigwa na upepo hunyonya joto la mwili upesi mno. Mwili wa mtu mzima wa afya una nyuzi kama 37. Ukishuka chini ya 35, mambo yameharibika. Kwanza mtu hutetemeka. Kisha vidole vinakataa kufunga hata kamba ya kiatu, ulimi unakuwa mzito, anajikwaa ovyo. Baridi ikizidi, hata kutetemeka kunakoma, na mwenyewe anaweza kudhani amepata nafuu! Baridi huishika akili pamoja na mwili, kwa hiyo anayeganda hawezi kutegemewa kujipima. Wa kumpima ni mwenzake. Ndiyo sababu watu huenda mlimani wawili, si kwa ajili ya kupiga soga njiani. Siku ile kulikuwa na kichwa kimoja tu kilichokuwa kikifanya kazi, nacho ndicho mnachokicheka.

Wapo watakaoniambia mwanamume ni kuvumilia. Sawa, vumilia njaa, vumilia githeri ya Jumatano. Lakini mvua ya mlimani haimwogopi mtu kwa sababu amevumilia, na mwenye ukungu mbele ya macho hajui kama anakwenda nyumbani au anakwenda kwa nyati.

Kuhusu uwindaji wenyewe sitasema mengi. Ulipigwa marufuku nchini mwaka wa 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haikuufungulia mlango. Najua babu zetu waliwinda. Lakini waya hauna macho, bwana. Unautega kwa ajili ya paa, unamnasa bongo wa milimani, yule mwekundu mwenye mistari myeupe, ambaye porini hapatikani nchi nyingine yoyote na waliobaki hawafiki 200. Tena usiporudi kuukagua, mnyama anafia pale pale, hata kitoweo hupati.

Nasikia kuna wanne wa bweni letu wanaopanga kupanda tena likizo ijayo, na mara hii wameapa kutomchukua "yule mwoga". Yaani wanamwacha nyumbani yule mmoja ambaye angewarudisha! Mvua za vuli huenda zikawa bado zinanyesha. Nyaya ziko chini ya kitanda kimoja karibu na dirisha, nimeziona kwa macho yangu, na mwenyewe ana hadi Ijumaa kuziondoa kabla ya ukaguzi wa mabweni.