Saa Moja ya Jioni, Baina ya Magharibi na Isha

Kazi yangu ya kuandika huanza baada ya sala ya Alfajiri, wakati vichochoro vya Mji wa Kale hapa Mombasa vingali kimya na kahawa ingali ya moto. Mchana nazunguka kutafuta habari, leo mahakamani, kesho sokoni Kongowea. Alasiri naandika tena. Makala hulipwa pesa, mashairi hulipwa ahsante. Lakini saa iliyonitia taabuni si moja ya hizo. Ni saa moja ya jioni.

Huku kwetu Pwani, jirani na Ikweta, jua halihami mbali. Mwaka mzima Magharibi huingia baina ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro robo, na kabla ya saa mbili Isha imekwisha ingia. Tulipokuwa wadogo kipindi hicho kifupi kilikuwa cha mas'hafu. Tulikaa jamvini, juzuu juu ya marufaa, mzee akitusikiliza huku amefumba macho. Ukikosea irabu moja, aliyafumbua. Mimi sikufundishwa ushairi katika skuli yoyote. Sikio la mizani nililipata pale, kwa kusikia maneno yakisomwa kwa kipimo.

Televisheni ilikuwako nchini tangu 1962, kabla ya enzi za Sauti ya Kenya, shirika ambalo mwaka 1989 liligeuka kuwa KBC. Lakini mtaani kwetu ilikuwa katika nyumba moja moja, nasi tulichungulia dirishani kutazama Vitimbi na Vioja Mahakamani. Mwaka 1990 ikaja KTN, vituo vingine vya watu binafsi vikafuata, na mwaka 2015, mitambo ya zamani ilipozimwa, kila nyumba ikataka king'amuzi. Sasa kioo kimo sebuleni, mahali pale pale palipokuwa na jamvi.

Sitaki kukitukana kioo. Tamthilia kama Maria, iliyoanza 2019, na Sultana, iliyoanza 2022, zimewaonyesha wengi kwamba Kiswahili si lugha ya kuchekeshea tu. Waigizaji wamepata riziki, na waandishi vijana vile vile. Mimi mwandishi nitaichukiaje riziki ya mwenzangu?

Linalonikera ni mpango wa saa. Kwa miaka mingi vituo vyetu vikubwa vimesoma habari kwa Kiswahili saa moja jioni, na kwa Kiingereza saa tatu usiku. Mwenye kituo ana hesabu zake: jioni watu wamerudi kazini, jamaa wote wako pamoja, na mwenye sabuni au unga wa kuuza hulipa zaidi ili atangaze wakati huo. Saa tatu wakaachiwa wakubwa wa maofisini. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini usawa huo haujafika saa tatu ya usiku. Matokeo yake, sisi Waislamu wa Pwani, ambao wengi wetu Kiswahili ndiyo lugha tuliyonyonya, twaletewa habari kwa lugha yetu wakati ule ule tulipo msikitini, au tunapopaswa kukaa na watoto.

Nami ni mtu wa habari. Nikizikosa za saa moja, kesho yake naingia kazini kama mgeni. Basi kwa miaka nilikuwa nikitoka msikitini mbio, nawasha kioo, nawaambia watoto, "Someni chumbani." Chumbani hawasomi. Usiku mmoja nilimtaka kitinda mimba wangu, mwenye miaka tisa, anisomee sura aliyoihifadhi mwaka uliotangulia. Akafika katikati, akanyamaza. "Imenipotea, Baba." Usingizi haukuja. Nikaandika ubeti mmoja:

Kwani saa ya chuoni, itwaliwe na kioo?
Wana wako sebuleni, hawajasoma na leo,
Nami ni mtu wa fani, nifwataye matukio,
Niamue jambo gani, ni kazi ama uzao?

Asubuhi nilimsomea dada yake mkubwa, aliye chuo kikuu. Akatabasamu kwa adabu, akasema, "Baba, habari za saa moja huwekwa kwenye intaneti. Zitazame baada ya Isha, kwa simu." Udhuru wangu ukafa hapo hapo. Kumbe aliyenishika mkono hakuwa mwenye kituo, yalikuwa mazoea yangu.

Tangu siku ile, adhana ya Magharibi ikilia kioo huzimwa hadi Isha. Mama watoto alinuna juma zima kwa ajili ya tamthilia yake, kisha akaja kuketi nasi. Wallahi tajwidi yake ni bora kuliko yangu. Simu nazo huingia kabatini, yangu ikiwa ya kwanza, maana iliyonirudishia saa moja yaweza kuzimeza zote zilizobaki.

Haki ya saa tatu hatutaacha kuidai. Wenye vituo wakitaka kuanza taratibu, na waanze na Ramadhani: wasome habari za Kiswahili saa tatu, watu wakitoka tarawehe. Lakini tusiwangoje wao. Ile sura bado haijamkaa sawa mwanangu. Jana alikwama pale pale, mara mbili. Leo jioni, inshallah, tutairudia.