Chuma Hakiungui, Mtu Huungua

Pita yadi za makontena Changamwe, umuulize mwenye ofisi ya kontena mlango wa pili uko wapi. Utajibiwa vile vile utakavyojibiwa Likoni na Kisauni: "Hii ni ya muda tu. Isitoshe ni chuma, na chuma hakiungui."

Hakiungui, sawa. Lakini nani anakaa ndani ya chuma kitupu kwa joto la Mombasa? Kuta tunazibandika sponji na plaiwudi, chini tunatandika zulia, tunafunga kiyoyozi, nyaya zinaungwaungwa, mafaili yanapangwa hadi darini. Zote hizo ni kuni. Sponji ikishika moto hutoa moshi mzito wenye sumu, na kontena la futi 20 lina upana wa mita 2.4 tu. Moshi huo utaishia vifuani mwa waliomo.

Kontena liliundwa kubeba mzigo. Makomeo ya milango yake yako nje, aliye ndani hayafikii. Fundi hukata mlango mmoja ubavuni, akatia dirisha moja lenye grili ya kuzuia wezi, kisha akasema ofisi tayari. Karani anawekwa mwisho kabisa. Birika la chai na soketi yake viko mlangoni. Moto ukianzia pale, atoke wapi?

Na huo "muda" haumwokoi mwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inahusu kila mahali ambapo mtu anafanya kazi, iwe kwa muda au daima, na inakataza mlango kufungwa hivi kwamba waliomo hawawezi kuufungua mara moja.

Sisi wa Pwani hatukupaswa kukumbushwa. Machi 1998, wasichana zaidi ya 20 waliteketea bwenini katika Shule ya Upili ya Wasichana ya Bombolulu. Madirisha yalikuwa na vyuma. Vyuma hivyo viliwekwa kwa nia ya kuwalinda, kama grili zetu za leo.

Wenye yadi, mrudisheni fundi. Akate mlango wa pili mbali na ule wa kwanza, ufunguke kwa nje bila ufunguo, na grili aitie bawaba na komeo la ndani. Mashine ya kukatia anayo, wala kazi yenyewe si kubwa. Fanyeni wiki hii, makarani wenu wangali wanaingia na kutoka salama.