Bango Likitengenezwa, Fundi Asisahauliwe



Huko Carthage, katika jimbo la Missouri nchini Marekani, kando ya barabara kuu ya zamani iitwayo Route 66, kulikuwa na sinema ya uwanjani ambayo watu waliitazama wakiwa ndani ya magari yao. Jina lake ni 66 Drive-In. Ilifunguliwa mwaka 1949, ikafungwa mwaka 1985, ikatengenezwa na kufunguliwa tena mwaka 1998. Mwaka 2003 iliingizwa katika orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria. Nayo ilikuwa na bango lake la barabarani.

Wapo wanaouliza bango kuukuu lina faida gani. Sisi tunajibu: ni kazi ya mikono ya wafanyakazi. Mabango mengi ya sinema hizo yaliwaka kwa mirija ya kioo. Fundi huushika mrija juu ya moto mpaka ulainike, akaukunja kuwa herufi, huku akipuliza kwa mdomo ili usibonyee. Kisha hewa hutolewa na gesi hutiwa. Neoni hutoa mwanga mwekundu. Agoni pamoja na zebaki kidogo hutoa buluu. Kazi hii huchukua miaka kujifunza, na fundi humrithisha mwanafunzi wake.

Siku hizi taa za LED zimechukua nafasi yake, kwa kuwa ni rahisi na hutumia umeme kidogo. Mwenye bango la kale akitia taa za kuiga, atabaki na sura tu. Ufundi wenyewe utakuwa umezikwa.

Kwa hiyo tunasema, kila fedha ya kutengeneza bango la kale iwe na masharti. Fundi alipwe mshahara wa haki. Kando yake awepo kijana anayejifunza, naye alipwe. Tena wakingwe: mrija ukivunjika zebaki hutoka, rangi za zamani mara nyingi zina madini ya risasi, na umeme wa mabango hayo hufika maelfu ya volti. Vifaa vya kujikinga ni haki, si hisani.

Hata kwetu viwandani na mashambani ni hivyo hivyo. Mashine kongwe ya mkonge ikipakwa rangi na kuwekwa langoni, na aliyeiendesha hakumfundisha mtu, tumehifadhi chuma kitupu.

Vyama vya wafanyakazi visingoje kualikwa. Viingie katika mazungumzo kabla mkataba haujatiwa sahihi.