Wasichana Wapewe Uelekezaji

Kila mashindano ya drama yanapokaribia, kumbi za shule za Kericho na Bomet hujaa wasichana wanaokariri maneno waliyoandikiwa. Wanaigiza vyema, sikatai. Lakini anayeamua waseme nini na wasimame wapi, aghalabu, ni mwalimu.

Ndiposa namtaja Profesa Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika filamu ya Maangamizi ya mwaka 2001 aliigiza Samehe, mwanamke aliyenyamaza kwa miaka mingi. Yeye mwenyewe hakunyamaza. Mbali na kuigiza, ameandika na kuelekeza tamthilia. Hawala ya Fedha (1980) aliitohoa kutokana na kazi ya Msenegali Sembène Ousmane, na Kiswahili chake, kwa sikio langu la mwanaisimu, hakinuki tafsiri.

Lililo kubwa zaidi ni Tuseme, mradi alioshirikiana na Penina Mlama kuuanzisha mwaka 1996 katika shule za sekondari za Tanzania. Humo wasichana wenyewe huchunguza matatizo yao, huyajadili, kisha huyatungia mchezo na kuuonyesha hadharani.

Je, sisi wa nchi ya majani chai tunangoja nini? Mwaka 2023 wanawake zaidi ya 70 waliieleza BBC jinsi wasimamizi wa mashamba ya chai walivyowadhulumu kingono. Mabinti wa wachuma chai wamo madarasani mwetu. Walimu wenzangu, muhula ujao mkabidhini mmoja wao uelekezaji, nanyi mkae kwenye viti vya watazamaji.