Vyuo vitaje pointi za mwisho

Vyuo vikuu vyenye ushindani mkubwa vitangaze, kwa kila programu, pointi za mwombaji wa mwisho aliyechaguliwa mwaka uliopita, ili vijana waache kuanika matokeo yao wakibahatisha nani atapata nafasi.

Mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) hutaja sifa za chini za kuomba. Kwa udaktari wa chuo cha Muhimbili, pale Upanga, Dar es Salaam, hizo hazitoshi. Wenye sifa ni wengi, nafasi chache, na mwombaji wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) asiyejua mstari ulikatwa wapi hana wa kumuuliza ila wenzake. Ndiyo maana dirisha la udahili likifunguliwa, makundi ya WhatsApp hujaa pointi, tahasusi na majibu. Tena waliochaguliwa ndio husikika zaidi. Walioachwa hunyamaza, na hesabu inapinda.

Kwenye steshenari za Kariakoo, ambako vijana hujaziwa fomu, hatari ya kujianika ni kubwa zaidi. Huko mtu huweza kuacha namba ya mtihani, nywila, hata namba maalumu ya kuthibitisha chuo kwa aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023, lakini itamlinda vipi anayejianika mwenyewe kwa kukosa habari?

Tangu 2017 maombi hupelekwa moja kwa moja vyuoni, kwa hiyo takwimu za pointi za mwisho zimo ofisini mwao tayari. Wanaozishikilia wazitoe kabla ya dirisha lijalo, programu kwa programu.