Miale huua kuvu ya bangi, sumu hubaki

TANGU California iruhusu uuzaji wa bangi kwa watu wazima mnamo Januari 2018, vita vya zao hilo vimehamia maabara. Jimbo hilo la Marekani hutaka bangi ya kuvuta ipimwe aina nne za kuvu ya Aspergillus kabla ya kufika dukani.

Tahadhari hiyo si ya bure. Mnamo 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipata bakteria na kuvu katika bangi iliyouzwa kama dawa. Mgonjwa wa saratani ambaye kinga yake imedhoofishwa na matibabu huweza kuvuta kuvu hiyo hadi mapafuni, na maambukizi yake huua.

Baadhi ya wazalishaji hutumia miale ya gamma au gesi ya ozoni baada ya mavuno. Kuvu hufa. Hata hivyo, sumu ambayo imekwisha kutolewa haiondoki kwa urahisi hivyo, na hili Wakenya walilijua kwa uchungu mwaka wa 2004, watu 125 walipofariki mashariki mwa nchi kwa kula mahindi yenye aflatoksini. Kuyapika hakukuwaokoa.

Ndiyo maana California huidai pia kipimo cha sumu yenyewe. Bila kipimo hicho, mkulima aliyezembea kukausha mavuno yake angeyapitisha kwenye miale na kuyauza kama masafi. Nchini Kenya, ambako bangi ingali haramu, mvutaji hana wa kumpimia lolote.